Saa ya mashine namba tisa

Najua nimepotea. Kuna watu wameshaanza kuniuliza kantini kama nimedisko. Sijadisko bado. Ila wiki iliyopita nusura nijifukuze chuo mwenyewe kwa aibu, na ndiyo hiyo nataka niwasimulie.

Mnakumbuka niliwaambia nimejitolea kumsaidia fundi wa maabara yetu ya kompyuta. Mzee mmoja hivi, wote tunamwita Babu na yeye anaitika. Babu ana mtindo wake wa tangu enzi. Programu mpya ikitakiwa anachukua flashi, anakaa mashine namba moja, akimaliza anasogeza kiti, anahamia namba mbili. Mashine ziko 24, kwa hiyo kazi moja inakula siku mbili. Nilipomwona nikacheka (kwa heshima lakini), nikamwambia, "Shikamoo Babu. Haya mambo siku hizi hayafanywi hivi." Akasema marahaba, akasogeza kiti.

Mimi likizo nzima nilikuwa nacheza na Ansible. Kwa mnaosoma sheria na ualimu, naomba dakika moja. Unaandika faili moja la maagizo: mashine iwe na PostgreSQL, mtumiaji fulani awepo, huduma fulani iwe imewashwa. Halafu ukiwa umekaa kwenye seva, Ansible inaingia kwenye kila mashine kwa njia ya SSH, inaangalia kilichopungua na kukijaza. Ikikuta kitu kiko sawa inakiacha. Ukiendesha faili lilelile mara ya pili haibadilishi chochote, na hapo ndipo penye raha yenyewe. Ansible ilitoka mwaka 2012, ila wazo ni la zamani. Mark Burgess alianza CFEngine kule Oslo mwaka 1993, akiwa mtu wa fizikia aliyechoka kuhangaika na kompyuta za idara, kila moja na tabia yake. Nikisoma habari zake namwelewa kabisa.

Basi bwana. Jumatatu saa mbili asubuhi kulikuwa na mtihani wa vitendo wa hifadhidata, watu 24, kila mmoja na mashine yake, na mashine zote zilihitaji PostgreSQL. Nikamwambia Babu apumzike, Ijumaa jioni namaliza peke yangu. Nikaendesha. Kumi na saba zikaja kijani, saba zikaja nyekundu. Ujumbe wenyewe ulisema imeshindikana kusasisha orodha ya vifurushi, sababu haijulikani. Nyie, kompyuta ikikwambia sababu haijulikani ufanyeje?

Nikarudia, zikawa saba zilezile. Hapo mtu mwenye akili angeona kitu. Kama tatizo lingekuwa mtandao, zingebadilika badilika. Mimi ilikuwa saa nne usiku, njaa inauma, nikafanya jambo ambalo naona haya hata kuliandika: niliongeza mstari mmoja kwenye maagizo unaosema ukikuta kosa, lipuuze, endelea. Nikaendesha. Mwishoni pale kwenye muhtasari nikaona failed=0 kwa mashine zote. Pembeni yake kulikuwa na ignored=3 kwenye zile saba, ila macho yalishaona sifuri yakaridhika. Nikamtumia mhadhiri ujumbe: "Mashine zote tayari, mwalimu." Nikaenda kula chipsi mayai.

Jumapili saa nane mchana simu ya Babu. "Kijana, njoo maabara." Hakusema kwa nini.

Kumbe yeye alikuwa amekuja na kiti chake. Mashine moja moja, anawasha, anafungua, anajaribu. Namba tisa haikuwa na PostgreSQL wala harufu yake. Nikakaa hapo, safari hii nikaandika amri ya kusasisha kwa mkono ili nione ujumbe kamili. Ukaja: faili la matoleo la hazina ya Ubuntu bado halijaanza kutumika, litaanza baada ya siku 26. Nikasoma mara tatu. Faili la jana litaanzaje kutumika mwezi ujao? Nikaanza kulaumu hazina, nikalaumu proksi ya chuo, nikawa naongea peke yangu karibu nusu saa.

Babu akaweka kidole kwenye kona ya skrini. "Mwanangu, hii mashine iko tarehe ngapi?"

Ilikuwa kwenye tarehe ya siku tuliyofunga chuo. Jamani.

Akachukua bisibisi, akafungua kava, akanionyesha betri ya duara kama sarafu pale kwenye mazabodi, CR2032, ya volti 3. Ndiyo inayoendesha saa wakati mashine haina umeme. Likizo soketi zote zilizimwa, na saba kati ya hizo betri zilikuwa zimekufa. Ubuntu yenyewe huwa inaandika kwenye diski saa ya mwisho iliyokuwa nayo, kwa hiyo ilipowashwa ikaanzia palepale ilipolala. Kwa kawaida ingeuliza saa mtandaoni kwa NTP ikajirekebisha, ila fayawoli yetu imefunga mlango wa UDP 123, basi hakuna wa kumwamsha. Na kifaa cha kupakua vifurushi kikiona faili limesainiwa tarehe ambayo kwake haijafika, kinalikataa. Kinabaki na orodha ya zamani, inayokielekeza kwenye kifurushi ambacho hazina ilishakiondoa ilipoweka toleo jipya, kinaambulia 404. Ndizo zile ignored nilizozipuuza.

Nikasema hii ndogo. Nikaangalia saa ya seva, ikalingana na simu yangu, nikazirekebisha saba zote kwa amri moja na kuendesha tena. Nyekundu! Safari hii mfumo wa vifurushi umefungwa na programu nyingine. Mashine zilipogundua ghafla kwamba zimechelewa karibu mwezi mzima, zikaanza kujisasisha zenyewe, na mmoja akishika kufuli mwingine anasubiri. Mimi kwa haraka zangu nikaiua ile kazi kwenye namba kumi na nne. Msifanye hivyo. Iliacha vifurushi nusu vimesakinishwa nusu havijapangwa, ikabidi nihangaike na dpkg --configure -a huku Babu akinitazama bila kusema neno, ambayo ni mbaya kuliko kugombezwa. Zile sita nyingine tulizisubiri tu. Dakika arobaini, tukanywa chai ya rangi.

Halafu nikafuta ule mstari wa kupuuza makosa. Nikaifanya seva iwe ndiyo inayogawa saa kwa maabara nzima kwa kutumia chrony, na kwenye maagizo nikaweka kazi ya kwanza kabisa kuwa saa, kabla ya kifurushi chochote. Tukaendesha saa moja usiku: 24 kijani. Nikaendesha tena ili tu Babu aone changed=0 imejipanga kutoka juu hadi chini. Akavaa miwani, akasoma zote. "Haijagusa kitu?" Haijagusa, Babu. "Hii nzuri," akasema. Halafu akachukua kiti chake akaanza namba moja. Nami nikachukua changu nikaanzia ishirini na nne, tukakutana katikati.

Mhadhiri nilimwandikia ujumbe wa pili usiku uleule, nikamweleza kwamba ule wa Ijumaa haukuwa kweli. Alijibu "Sawa. Asante kwa kuniambia." Mpaka leo sijajua ni sawa ya namna gani.

Mtihani ulipita. Wa namba tisa, najua unasoma hapa, usiniambie umefeli kwa sababu ya saa. Betri saba tumeshanunua, Babu kanipa bisibisi niziweke mwenyewe, nimebakiza mbili. Ngoja nilale, kesho kuna kipindi cha saa moja.