Ujira wa Fundi Usilale Kwetu

Tunapotafakari juu ya kazi katika jumuiya zetu za Fizi na Baraka, tunawataja upesi mkulima, mvuvi, mwalimu na mchuuzi. Wako wengine ambao kazi yao ni kufanya vitu vipendeze: mshonaji, mpiga picha, mchoraji wa mabango, mchongaji, mwimbaji, kijana mwenye studio ndogo inayotumia umeme wa jua. Hao huitwa harusi, ubatizo au sikukuu inapokaribia, na sikukuu ikiisha hawakumbukwi tena. Leo tungependa kuwatafakari wao, pamoja na deni ambalo watu wengi wanalo kwao.

Wengi wa mafundi hao walijifunza ugenini. Vita vya 1996 na vya 1998 vilizivusha ziwa jamaa nyingi za kwetu hadi Kigoma, na kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa 1996 huko Kasulu, ikawa kwa watoto wengi nyumbani na shule. Mwaka 2005 meli zilipoanza kuwarudisha wakimbizi kutoka Kigoma hadi Baraka, wako walioshuka wakiwa na kifurushi kidogo mkononi na ujuzi mkubwa kichwani. Baadaye, kuanzia 2015, ndugu Warundi waliokimbilia Lusenda wakaongeza mikono yao sokoni. Ndiyo maana leo, mbele ya cherehani moja tu, mtu anaweza kusikia Kibembe, Kifuliiru, Kirundi na Kiswahili cha Kigoma.

Lakini ufundi wenyewe haukuletwa na meli. Vinyago na sanamu za Wabembe zimehifadhiwa katika majumba ya makumbusho ya Ulaya na Marekani, na wataalamu huzitazama kwa heshima. Kwa sehemu kubwa majina ya waliozichonga hayakuandikwa. Kazi ilichukuliwa, jina likaachwa. Tukitaka kujua mwisho wa fundi asiyethaminiwa ni upi, tuna mfano huo kutoka milima yetu wenyewe.

Maandiko hayamsahau fundi. Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 31, Mungu anamwita Bezaleli kwa jina lake na kumjaza Roho ili afanye kazi ya dhahabu, ya mawe na ya mbao. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anawaheshimu mhunzi na mfinyanzi, akionyesha kwamba mji hauwezi kukaliwa pasipo wao. Na kitabu cha Walawi, sura ya 19, kinakataza ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri hadi asubuhi. Je, ujira unaolala miezi mitatu tuuite nini?

Tulimfahamu kijana mmoja, mshonaji, aliyerudi kutoka Nyarugusu na kufungua kibanda chake karibu na soko. Kwaya moja ilimpa kazi ya mavazi ya Noeli. Aliikamilisha kwa wakati, akalipwa nusu, na kuhusu nusu ya pili akaambiwa kwamba Mungu atamlipa. Pasaka ilifika, naye bado anadai. Akauza cherehani, akapanda pikipiki kwenda Misisi kuchimba dhahabu. Kabla hajaondoka tulimsihi abaki. Akatujibu kwa upole: “Mwalimu, kule mgodini wakinidhulumu, angalau hawatasema ni kwa ajili ya Mungu.” Hatukuwa na neno la kumjibu. Siku hizi kwaya ile hupeleka vitambaa Uvira, na huko hulipa kabla ya kupokea nguo, tena juu ya nauli ya njia.

Kwa kuwa tulisomea ualimu, turuhusiwe kuandika hesabu ubaoni. Waimbaji ni 30. Fundi anashona vazi 1 kwa siku, siku 6 kwa juma, kwa maana Jumapili anasali nasi. Hizo ni juma 5 za kazi. Katika juma hizo ananunua uzi, vifungo na makaa ya pasi. Analipa kodi ya kibanda na patente. Anamlisha mwanafunzi anayejifunza kwake, na watoto wake wanadaiwa ada. Akilipwa nusu, ile nusu inamalizwa na gharama hizo, na jasho lake linabaki bure. Mtu anayesema “fundi anatumia mikono tu” hajaifanya hesabu hii. Mwimbaji naye ana hesabu yake. Nyimbo zake hutiwa katika kadi za simu na kuuzwa na wengine, ingawa nchi yetu ina sheria ya haki za mtunzi tangu tarehe 5 Aprili 1986.

Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, mapadri Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Albert Joubert, pamoja na bruda Vittorio Faccin, waliouawa Baraka na Fizi tarehe 28 Novemba 1964, walitangazwa wenye heri. Sherehe ya namna hiyo haiwezekani bila wanaoshona, wanaoimba, wanaopamba na wanaopiga picha. Ni haki kuwaheshimu wafiadini kwa uzuri. Uzuri huo ukipatikana kwa kumdhulumu maskini, tumewaheshimu kwa mdomo.

Haki hii ina pande mbili. Mafundi nao wajirekebishe: wapo wanaopokea kazi kumi na kumaliza mbili, na wapo wanaotumia kitambaa cha huyu kumridhisha yule. Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kazi yoyote ya jumuiya iandikwe: bei, siku ya kukamilisha, siku ya kulipa. Pili, malipo ya kwanza, yale tunayoyaita avansi, yatoshe kununua vifaa vyote, na salio litolewe siku ileile kazi inapopokelewa. Anayetaka kujitolea bure aseme mwenyewe. Asisemewe na kamati. Tatu, mafundi wajiunge katika likelemba yao, ili cherehani ikiharibika au kamera ikiibwa, mmoja asianguke peke yake.

Vijana wetu wanaitwa na mgodi, na wanaitwa na bunduki. Anayebaki mjini akiishi kwa sindano au kalamu ya rangi amekwisha kuchagua amani. Tumlipe ili aweze kudumu katika uchaguzi huo.

Maswali ya kutafakari katika jumuiya:

1. Ni fundi gani anayeidai jumuiya yetu, na tutamlipa siku gani?

2. Katika sikukuu ijayo, ni kazi zipi tunazoweza kuwapa mafundi wa hapa kabla ya kuzipeleka mbali?

3. Tunafahamu majina ya waliochonga, kuchora na kushona vitu vilivyo katika kanisa letu?