Majina ya Usiku wa Ijumaa

Ndugu zangu wa Bagamoyo, nanyi wa Mlingotini na Saadani mnaonifuata kwenye ukurasa huu,

Nawaandikia kutoka Leicester, Uingereza, ambako siku hizi jua huchomoza saa moja imeshapita, na saa kumi na robo jioni limeshaaga.

Majuzi, tarehe 11 Novemba, nilikuwa zamu ya asubuhi kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Siku hiyo, ikifika saa tano kamili, Waingereza hunyamaza dakika mbili kuwakumbuka waliokufa vitani. Wazee wetu walikuwa wamebandikwa ua jekundu la karatasi kifuani, redio imefunguliwa, saa kubwa ya London ikagonga, kimya. Mimi kimya hicho kilinikuta katikati ya ukumbi na sinia la vikombe tisa vya chai. Kuliweka chini siwezi, kwenda nalo siwezi. Bibi mmoja ambaye kumbukumbu zimemtoka akawa ananiuliza kwa sauti kama chai yake ina sukari. Hakuna aliyemjibu.

Nikasema basi, nami niwaombee wa kwangu. Nikaanza kuwataja moyoni, mmoja, wawili, watatu, wanne. Wa tano hakuja. Dakika mbili zikaisha, watu wakaanza kukohoa na kuvuta viti, na mimi bado namtafuta.

Hao wa kwangu walikuwa wa babu yangu mzaa baba. Wengi wenu mlimjua kwa mbata zake na kwa sauti yake kwenye Barzanji. Wachache mnajua kwamba alikuwa askari wa Keya, yaani KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki. Alikuwa mtoto wa chuoni Sheikh Ramiya alipofariki mwaka 1931, na habari za Sheikh hakuzichoka mpaka mwisho: mtoto aliyetekwa huko Manyema, akaletwa Bagamoyo mtumwa katika nyumba ya akina al-Lamki, akasoma, akawa khalifa wa tarika ya Kadiria ambaye waungwana walimbusu mkono. Babu alipenda kuisimulia hiyo kuliko habari yoyote ya vita. Ukimuuliza vita, alikuambia mvua.

Umri wake hakuna aliyeujua sawasawa. Karatasi ya jeshi ilisema amezaliwa 1922. Mwenyewe alisema wamemwongezea miwili ili achukulike. Alikwenda na kikosi cha 36 cha KAR, kikosi cha Tanganyika, katika ile Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliyovaa alama ya kifaru begani. Mwaka 1944, kwenye masika ya Burma, waliteremka bonde la Kabaw wakiwafukuza Wajapani, na Desemba wakaingia Kalewa, kwenye mto Chindwin. Nimeyapata hayo vitabuni, huku huku ughaibuni. Kwake nilipata kwamba matope yalimmeza nyumbu mpaka tumboni, kwamba homa iliua kuliko risasi, na kwamba Mzungu wa cheo kile kile alilipwa mara kadhaa ya ulichopata wewe. Hilo la mwisho alilisema bila hasira, kama mtu anayetaja bei ya nazi.

Lililomkera lilikuwa jingine. Ramadhani ya mwaka ule iliangukia Agosti na Septemba, wakiwa bondeni, na hakuifunga. Aliporudi Bagamoyo alikaa siku tatu, akala vya mama yake, kisha akaanza kulipa. Siku 30 mfululizo, wala si Ramadhani, mji mzima unakula mihogo ya kukaanga mchana yeye kafunga. Mama yake alilia, akasema mtoto karudi na wazimu wa vita. Nilipomuuliza kwa nini asilipe kidogo kidogo, na dini imempa nafasi, alinitazama akasema deni la mwenye huruma ndilo la kuharakisha, maana hatakudai.

Alirudi na kitu kimoja tu cha jeshi, chupa ya maji. Ya bati, imepakwa rangi ya buluu ya kung'aa, imekunjika ubavuni kama figo ili ilale kwenye nyonga, na juu imevikwa kitambaa kizito cha kaki. Hiyo ndiyo iliyokuwa birika lake la udhu kwa zaidi ya miaka 60. Kitambaa kilikwisha, rangi ikabanduka pale kidole gumba kinaposhika, kizibo kikapotea akatia gunzi la muhindi. Nikiwa mdogo nililala chumba cha nje, na alfajiri nilisikia kwanza gunzi likivutwa, *pop*, ndipo adhana.

Kila usiku wa Ijumaa, baada ya Isha, alikaa barazani akasoma Yasini, akamaliza kwa dua, na hapo akataja majina kumi na moja. La kwanza lilikuwa la baba yake mkubwa, aliyechukuliwa mpagazi Waingereza walipoiteka Bagamoyo Agosti 1916, akatokomea na mizigo yao kusini. Tisa ni wenzake waliobaki Burma: Wayao, Wazaramo, Wamakonde, Mnyamwezi mmoja. Wa kumi na moja alikuwa Mngoni, Mkristo, aliyembeba babu mgongoni alipougua. Huyo alimpa taabu. Alimuuliza shehe mmoja, akajibiwa haifai. Akamuuliza mwingine, akajibiwa kwa kikohozi. Mwishowe akapata njia yake. Alifunga dua, akajipangusa uso, watoto tukaitikia amina, tukidhani kwisha. Kisha, mikono imeshashuka, akalitaja lile jina peke yake, polepole, kama mtu anayemkumbusha mwenziwe jambo wanalolijua wote wawili.

Huku nimeona majina mengi yamechongwa kwenye mawe. Karibu kila kijiji cha Kiingereza kina nguzo yake, na mtu ana jina lake na la ukoo. Sisi tuna Sanamu ya Askari pale katikati ya Dar es Salaam, tangu 1927. Inapendeza. Maandishi yake, kwa Kiarabu, Kiswahili na Kiingereza, yanaahidi kwamba wana watalikumbuka jina la aliyekufa; izungukeni sanamu yote, hamtakuta jina hata moja. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti, ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wa vita vya kwanza hawakuandikwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi ni wa kwetu na Misri. Wapagazi hasa. Wa vita vya pili waliokosa kaburi Burma walifanyiwa uungwana zaidi: karibu watu 27,000 wameandikwa pale Taukkyan, huko huko Burma, na Waafrika wamo. Nimewatafuta wenzake babu kwenye orodha hiyo kupitia intaneti, zamu za usiku, wazee wakilala. Unakuta jina moja, namba, kikosi. La baba hakuna. Ukiwa na Juma mikononi mwako, utajuaje ni Juma wako?

Babu alifariki alfajiri moja ya mwaka 2013, akazikwa baada ya Adhuhuri. Mimi nilikuwa namwogesha mzee wa watu. Nilisikia mazishi kwenye simu ya shangazi, na nilichosikia zaidi ni upepo na mtu akisema shika hapo, shika hapo. Miaka yote ile ya barazani nilikuwa na kalamu ya shule mfukoni, na sikuandika hata jina moja. Nilidhani yapo tu, kama bahari.

Baada ya lile sinia nilimpigia baba mdogo, anayekaa Magomeni ya huko huko Bagamoyo. Akaniambia nimpe siku mbili, akazunguka kwa wazee aliosoma nao chuo kimoja. Jana amenitumia sauti. Ukijumlisha yake na yangu yametimia tisa. Chupa iko kwake, gunzi jipya, anatilia maji ya kuku na nimemwomba aache. Ila ana swali. Kati ya tisa hayo moja lina utata: ni jina la utani wa jeshini, halionyeshi kabila wala dini, naye hakumbuki babu alilitaja mikono ikiwa juu au imeshashuka. Ijumaa inakuja, anataka kujua alisome kabla ya amina au baada. Mimi sijamjibu. Kama kuna mzee kati yenu aliyekuwa akikaa kwenye ile baraza, na anakumbuka, amwone baba mdogo kabla ya Alhamisi.