Mwenye Mnazi

Mwaka 2020 jarida la Forbes lilipomwingiza Tyler Perry katika orodha ya mabilionea, lilichapisha pia mchanganuo wa mali yake, na mchanganuo huo nimeurudia mara nyingi kuliko filamu yake yoyote. Dola milioni 320 zilikuwa thamani ya filamu, tamthilia na vipindi alivyokwisha kuvitengeneza. Milioni 300 zilikuwa fedha taslimu na vitega uchumi. Studio zake za Atlanta zilikadiriwa kuwa na thamani ya milioni 280, hisa zake katika BET+ milioni 60, na nyumba pamoja na vitu vya anasa milioni 40 tu. Hiyo “tu” naiandika kwa makusudi. Picha nilizoletewa na jamaa na marafiki siku zile zilikuwa za ndege na majumba, yaani fungu dogo kuliko yote. Fungu kubwa halipigiki picha, kwa kuwa ni rundo la kazi zilizokwisha kuonyeshwa, ambazo mtu mwingine angeziita za zamani.

Kazi ya zamani huwa mali pale tu mtengenezaji anapokuwa hajaiuza. Kwetu Tanga jambo hili halikuhitaji mwanasheria. Mtu aliweza kuuza nazi za msimu na mnazi ukabaki wake. Aliweza kuuweka mnazi rehani, mwingine akawa anaangua mpaka deni liishe. Na aliweza kuuuza mnazi wenyewe, akapita chini yake miaka yote iliyobaki bila haki ya kuokota hata kidaka. Wazee wasiojua kusoma waliitofautisha mikataba hiyo mitatu bila kutatizika. Perry, tangu alipoanza, ameuza nazi.

Alizaliwa New Orleans mwaka 1969, akapewa jina la babake, Emmitt. Alipofika umri wa miaka 16 akalibadili ili ajitenge na mzazi aliyekuwa akimpiga. Mwaka 1992 alichukua akiba yake ya dola 12,000, akakodi ukumbi mjini Atlanta na kuonyesha mchezo wa kuigiza alioutunga mwenyewe, I Know I’ve Been Changed. Kwa maelezo yake, waliokuja mwisho wa juma ule walikuwa kama watu 30. Akarudia, akashindwa tena, na kuna kipindi alilala ndani ya gari lake. Mwaka 1998 ukumbi ulijaa.

Hapa ndipo wasimulizi wengi wa mafanikio yake huharakisha kwenda Hollywood. Mimi napenda kukaa kidogo, kwa sababu miaka saba iliyofuata ndiyo iliyozaa kila kitu. Perry alizunguka na michezo yake katika kumbi za miji ya Marekani, mbele ya hadhira ambayo wenye studio hawakuwa wakiihesabu: Wamarekani weusi, wengi wao wanawake wa makanisani, waliofika kwa makundi kumtazama mwanamume mrefu akijivika gauni na wigi na kuwa Madea, bibi mwenye ulimi mkali na bastola mkobani. Walilipa mlangoni. Wakitoka, walinunua kanda za michezo waliyotoka kuiona. Aliyewahi kuhudhuria taarabu anajua nguvu ya fedha inayotoka mkononi mwa shabiki ikaenda kwa msanii huku wote wawili wakitazamana. Perry alitunzwa kwa miaka saba kabla hajakaa meza moja na Hollywood.

Alipoketi nao, anasimulia, aliambiwa kwamba watu weusi wa makanisani hawaendi sinema. Filamu yake ya kwanza, Diary of a Mad Black Woman, ilitoka mwaka 2005 kwa gharama ya takribani dola milioni 5.5, ikakusanya kama milioni 50 nchini Marekani. Kampuni ya Lionsgate ilisambaza. Umiliki ulibaki kwake. Mwaka uliofuata akafanya jambo ambalo kwangu ndilo la werevu zaidi katika maisha yake ya kazi. Kwa desturi ya televisheni ya Marekani, mtengenezaji huenda na wazo, mwenye kituo hulipia sehemu ya majaribio, na anayelipia ndiye mwenye kauli. Perry alitengeneza sehemu 10 za House of Payne kwa fedha zake, akazirusha katika vituo vichache, watu wakazitazama, ndipo akaenda kuzungumza. TBS wakaagiza sehemu 100 zaidi kwa dola milioni 200. Aliyekuja na bidhaa mkononi hazungumziwi kama aliyekuja na ombi.

Sanaa yenyewe ni suala jingine, wala sitaki kulikwepa. Spike Lee alizishambulia hadharani kazi hizi mwaka 2009, akizifananisha na vichekesho vya kale vilivyomdhalilisha mtu mweusi. Nakubaliana naye nusu. Kuna filamu za Madea ambazo sikuweza kuzimaliza: hati zake zina haraka, na wanawake wake huadhibiwa upesi mno. Lakini pia nimekaa sebuleni kwa jirani yangu, mama wa Kimarekani mwenye umri wa mama yangu, nikamwona akicheka mpaka akafuta machozi, na nikatambua kwamba ninaye shangazi Tanga anayefanana na Madea, kasoro bastola. Perry alipofungua studio zake mpya mwaka 2019, moja kati ya kumbi 12 za kupigia picha aliipa jina la Spike Lee. Sijui jibu la kistaarabu kuliko hilo, wala la kiburi zaidi.

Studio hizo zimesimama katika iliyokuwa kambi ya jeshi ya Fort McPherson. Alinunua ekari 330 mwaka 2015, kwa dola milioni 30, miaka minne baada ya jeshi kuondoka. Mwenyewe hukumbusha kwamba mahali hapo paliwahi kuwa pa jeshi la majimbo ya Kusini, lililopigana ili watu weusi wabaki watumwa. Naishi si mbali na hapo. Anayepita njiani haoni mengi zaidi ya uzio.

Mnazi, hata hivyo, una mwenyewe na una mkwezi. Mwezi Oktoba 2008 waandishi wanne wa House of Payne walifukuzwa kazi wakati wakidai mkataba wa chama cha waandishi. Chama kilisema walifukuzwa kwa sababu ya madai hayo. Kampuni ikasema kazi yao haikuridhisha. Hatimaye pande mbili zikaelewana. Mapema mwaka 2020 Perry alijitokeza na rundo la hati, akajivuna kwamba zote kaziandika peke yake, hana chumba cha waandishi. Wengi walimsifu kwa bidii. Mimi nilijiuliza ni vijana wangapi weusi wangeanza kazi katika chumba ambacho hakipo. Aliyefahamu vizuri kuliko wenzake thamani ya kumiliki alichokitunga hakuonekana kuwa na hamu kubwa ya kugawana umiliki huo na wengine.

Haya yote yangebaki mada ya darasani kwangu kama si mtoto wa shangazi yangu, huyo huyo wa ulimi mkali. Alitengeneza filamu Dar es Salaam katika miaka ile Steven Kanumba alipokuwa ameifanya sinema ya Kiswahili kuwa mgeni wa kila sebule, na kwa muda fulani baada ya Kanumba kufariki, Aprili 2012. Utaratibu aliofuata ulikuwa wa kawaida. Unamaliza filamu, unaipeleka Kariakoo kwa msambazaji, unalipwa mara moja, unatia saini, unarudi nyumbani kuanza nyingine. Aliuza filamu tisa hivyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ilikuwapo, lakini sheria humlinda mwenye haki, naye haki alikuwa amekwisha kuiuza pamoja na filamu. Leo filamu zake tano ziko YouTube, katika ukurasa usio wake. Watazamaji wa Muscat na Birmingham huacha salamu chini yake, wakiuliza yule mwigizaji wa kike yuko wapi siku hizi. Yeye huzisoma salamu hizo bure kama mtu mwingine yeyote.

Mwaka jana kampuni moja ya filamu za mtandaoni ilimtumia mkataba wa filamu yake mpya. Akanipigia simu usiku.

“Shikamoo, dada. Wewe ndiye unayemfundisha Tyler Perry huko. Hebu niambie, huu angeutia saini?”

Nikamwambia asingetia.

“Sawa. Na mwezi huo angekula nini?”

Swali hilo halimo katika vitabu vya wosia wa mafanikio. Wanaomsifu Perry kwa kukataa kuuza humsifu kwa ujasiri, na ujasiri anao. Lakini kukataa kuna gharama, na gharama yake ililipwa na wale wanawake wa makanisani, tiketi kwa tiketi. Mtoto wa shangazi yangu hajapata kuwa na mlango wa kusimama. Sinema nyingi alizozikuta utotoni zimefungwa. Filamu zake zilitazamwa katika vibanda umiza na katika santuri zilizorudufiwa kabla wino wa saini haujakauka. Hadhira alikuwa nayo, pengine kubwa kuliko ya Perry wa mwaka 1998. Hakuwa na njia ya fedha za hadhira hiyo kumfikia.

Tuliusoma mkataba pamoja, kurasa 22 za Kiingereza, mimi nikimfasiria. Malipo yalikuwa mara moja. Haki zilikuwa za dunia nzima na za milele, kwa kila teknolojia iliyopo na itakayobuniwa. Hapo alinisimamisha. Alikuwa amesikia, kama nilivyosikia mimi, kwamba mwanzoni mwa 2024 Perry alisitisha upanuzi wa studio zake uliokuwa ugharimu dola milioni 800, baada ya kuona jinsi programu ya Sora inavyotengeneza picha za video kutokana na maandishi matupu. “Itakayobuniwa,” akarudia. “Yaani wananunua na mnazi ambao haujaota.”

Akawaandikia kuomba mambo mawili: miaka 10 badala ya milele, na neno hilo liondolewe. Shangazi anaona tumekosa adabu kwa watu wanaotaka kutupa fedha. Wiki sita zimepita bila jibu, na shule zinafunguliwa Januari.