Pampu ya Petroli, Tangu Zama za Morris

Wengi hudhani kwamba pampu ya petroli ya umeme ni jambo la magari ya kisasa, ilhali sisi tuliokulia Tanga zama za Morris Minor tuliijua tangu utotoni, kwani dereva alipofungua swichi, kabla injini haijawaka, ilisikika pampu ya SU ikigonga kwa haraka, kisha polepole, kisha kimya, na kimya kile kilikuwa dalili kwamba kikombe cha kabureta kimejaa na boya limeziba njia. Platini zake zikiganda, aghalabu dawa ilikuwa kuigonga kwa mpini wa bisibisi.

Zikaja Peugeot 404 na 504, na Datsun, ambazo pampu yake haikuhitaji umeme hata kidogo: ilifungwa ubavuni mwa injini, na kemshafti kila ilipozunguka iliusukuma mkono wake mdogo, kiwambo cha mpira kikavuta petroli kutoka tangini na kuipeleka kabureta. Fadhila yake kubwa, ambayo hatukuitambua maadamu tulikuwa nayo, ni kwamba injini ikizimika kwa sababu yoyote, hata kwa gari kupinduka, pampu nayo hukoma papo hapo.

Bosch walikwisha kuiweka EFI yao, yaani mfumo wa kunyunyizia petroli unaoongozwa kwa umeme badala ya kabureta, ndani ya Volkswagen mwaka 1967, lakini kwetu mfumo huo ulienea baada ya milango ya biashara kulegezwa mwaka 1984, magari yaliyotumika Japani yalipoanza kushushwa bandarini kwa wingi. Pampu ya umeme ikarejea, safari hii imezamishwa tangini, na kontrolboksi, yaani kompyuta ya injini, ndiyo iliyoiamrisha; isipopata habari kwamba injini inazunguka, iliikatia umeme. Lakini kontrolboksi ikiharibika, vipimo havikuwapo, na nyingine ilikuwa ghali kupita kiasi, basi mafundi wakashika njia ya kung'oa EFI na kufunga kabureta. Nimesikia wakilaumiwa kwa ujinga. Kwa insafu hawakustahili lawama hiyo, kwa kuwa mtu mwenye teksi na watoto wa kulisha hakuweza kungoja.

Taabu ilianzia kwenye pampu. Injini za EFI aghalabu hazikuachiwa mahali pa kufungia pampu ya kemshafti, na wengine wakaitumia ile ile ya tangini, ambayo msukumo wake hufika psi 40, yaani kupita upepo wa tairi la gari dogo, wakati sindano ya kabureta hustahimili takriban psi 3 hadi 5 tu. Petroli ikaishinda sindano, ikafurika, ikateremka hata kwenye oili. Plagi zikatoka nyeusi, na gari zima likanuka.

Fundi mmoja wa Ngamiani, pale Tanga, ambaye nilizoea kuketi gerejini kwake jioni, hakukubali kazi ya namna hiyo. Aliagiza kutoka Dar es Salaam pampu ndogo ya msukumo mdogo, akaifunga nyuma, chini ya buti, karibu na tangi na chini ya usawa wake, juu ya vipande vya mpira, chujio likitangulia; kwani pampu hizo ni hodari wa kusukuma na dhaifu wa kuvuta, na ikiwekwa jirani na injini petroli hugeuka mvuke ndani ya bomba, jambo wanalolijua vyema waliowahi kupanda mlima mchana kutoka Mombo kwenda Soni. Bomba la kurudisha mafuta tangini hakuliziba. Alilipunguza tundu, ili petroli izunguke na kupoa.

Kisha akaja kwenye nyaya, na hapo ndipo nilipomheshimu zaidi. Kontrolboksi ilipong'olewa, yule mlinzi wa kuikata pampu aliondoka nayo. Ukiiunganisha pampu moja kwa moja na swichi ya gari, mpira ukipasuka au gari likagonga, itaendelea kumwaga petroli juu ya injini yenye moto. Kwa hiyo alitumia rilei na fyuzi, na umeme wa kuiamsha rilei akaupitisha katika swichi ya msukumo wa oili: wakati wa kupiga stata pampu hulishwa na waya wa stata, injini ikishashika msukumo wa oili huiunganisha swichi, na injini ikizimika msukumo hushuka, pampu ikanyamaza. Alipomaliza aliiwasha injini, akaiungurumisha kidogo, kisha akang'oa waya wa koili huku swichi ya gari ingali wazi, na kiganja chake kikiwa juu ya pampu. Alipohisi imetulia ndipo alipomwita mwenye gari. Wateja walionung'unikia gharama ya ile swichi aliwajibu kwamba bila hiyo gari halitoki.

Siku hizi vijana wake wana mashine ya kusoma makosa, na kubadili EFI kuwa kabureta kumekuwa nadra. Jirani yangu, ambaye gari lake lilikuwa limefungwa kabureta, aliirudishia EFI yake, kontrolboksi ikapata tena dhamana ya pampu. Fundi akaifungua ile swichi ya oili, akaifuta, akamwomba ruhusa aifunge katika Corolla ya kabureta iliyokuwa ikingoja uani, ambayo mwenye nayo aliinunua ikiwa haina swichi hiyo.