Daftari la Mdogo Wangu

Chumba cha nyuma nyumbani kwangu, hapa Leicester, kimejaa kompyuta ambazo hakuna mtu anayezihitaji. Ziko kumi na moja. Mke wangu huziita "wagonjwa wako," kwa sababu kila Jumamosi asubuhi huingia humo na bisibisi, pamba na spiriti, nikatoka saa nane mchana nikiwa nimemtibu mmoja, au sikumtibu hata mmoja. Wageni wakija huuliza swali lile lile: mtu mzima na akili zake anakusanya vitu vya kuchezea watoto ili iweje? Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwajibu kwa mzaha. Katika kurasa hizi nataka kujibu kwa ukweli.

Kwanza niwatambulishe wagonjwa wenyewe. Yupo Commodore 64, aliyetoka Marekani mwaka 1982. Yupo BBC Micro, aliyetengenezwa na kampuni ya Acorn ya Cambridge, ambaye watoto wengi wa shule za Uingereza walijifunzia. Yupo Amstrad, mwenye kinasa kaseti chake ubavuni. Yupo Atari wa kuchezea tu, anayelishwa michezo iliyofungwa katika vibweta vya plastiki. Lakini watano kati ya kumi na moja ni wa aina moja: Sinclair ZX Spectrum, na hao ndio sababu ya chumba kuwepo.

Spectrum ilitolewa Aprili 1982. Yenye kumbukumbu kubwa, yaani kilobaiti 48, iliuzwa pauni 175, bei ambayo familia ya kawaida ingeweza kujikusuru ikaimudu. Ni nyeusi, ndogo kama kitabu, na vibonyezo vyake ni vya mpira. Ukivigusa unadhani unagusa kifutio. Haina kioo chake yenyewe, huunganishwa na televisheni ya sebuleni. Haina pa kuhifadhia kazi, hutegemea redio kaseti. Programu huhifadhiwa kama sauti, na ukiisikiliza hiyo sauti ni mlio mkali kama mbu elfu waliofungiwa chupani. Mchezo mkubwa ulichukua kama dakika tano kuingia, huku kingo za kioo zikipita mistari ya buluu na manjano, na wewe umekaa kimya usitikise meza. Dakika ya tano kanda ikikwama, unarudisha nyuma na kuanza upya. Kizazi kizima cha Uingereza kilijifunza subira kwa njia hiyo.

Wahenga walisema akiba haiozi. Hawakuwa wameona Spectrum. Ndani ya kibodi yake mna utando mwembamba wa plastiki, na mkia wa utando huo hukauka kwa miaka hadi ukakatika kama jani kavu. Kapasita zake huvuja. Mkanda wa mpira ulio ndani ya redio kaseti hugeuka uji mweusi. Waya wa umeme nao ni mtego, kwa kuwa hasi yake iko katikati, kinyume cha adapta nyingi za leo; mtu akichomeka ya kuokoteza anaua mashine kwa sekunde moja. Niliua moja kwa namna hiyo, katika mwaka wangu wa kwanza wa kukusanya. Kwa hiyo mkusanyaji wa vitu hivi si kama mkusanyaji wa stempu. Ukikiweka kabatini ukasema umekitunza, umekizika.

Mara moja kwa mwezi sisi wenye ugonjwa huu hukutana katika ukumbi mdogo wa mtaa. Tunafika watu kumi na tano hivi, kila mmoja na mashine yake kwapani, tunakunywa chai na kubishana. Ubishi wetu mkubwa haujawahi kwisha. Siku hizi zipo programu zinazoifanya kompyuta ya kisasa iigize Spectrum, kosa kwa kosa, hata ule mlio wa kanda. Wengine wanasema basi inatosha, plastiki ya nini? Mzee mmoja aliyekuwa fundi wa reli hujibu kwamba picha ya ugali haishibishi. Naye mama mmoja, mwalimu mstaafu, husema kwamba mchezo usioweza kuchezwa si mchezo tena, ni sanduku. Hupenda kukumbusha vile vibweta ambavyo kampuni ya Atari ilivizika mwaka 1983 katika jalala la mji wa Alamogordo, New Mexico, kwa kuwa havikuuzika. Mwaka 2014 vilifukuliwa, na baadhi yake sasa viko makumbusho. Taka za jana, husema, huwa ushahidi wa leo.

Mimi katika ubishi huo nilikuwa msikilizaji. Sikuwahi kuwaambia kwa nini nilikuja.

Nilifika Uingereza mwaka 1983, kijana wa Songea, kusomea uhasibu katika mji wa Reading. Mwaka uliofuata nilinunua Spectrum ya mkononi kwa mwanafunzi mwenzangu. Mdogo wangu alikuwa nyumbani akifundisha hesabu, na nilipomwandikia habari za kitu hicho aliniomba nimpelekee. Haikuwezekana. Tangu mwaka 1974 serikali yetu ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na hata ingepita, ingeunganishwa na nini? Tanzania Bara haikupata kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Basi nikatoa fotokopi ya kitabu cha maelekezo, kurasa zote, nikaituma kwa posta, nikidhani ataisoma kama hadithi.

Baada ya miezi miwili ikaja barua. Mimi ni mzima, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu; ama baada ya salamu, kaka, tafadhali iandike hii kwenye mashine unijulishe inasemaje. Chini yake palikuwa na programu ya mistari kumi na miwili, kwa mwandiko wa mwalimu, ya kutafuta namba tasa.

Niliiandika. Mashine ikagoma kwenye mstari wa 40 na kutoa ujumbe wake wa kosa. Nikaunakili, nikamtumia. Barua ilichukua wiki tatu kwenda na wiki tatu kurudi. Kosa ambalo aliye mbele ya mashine hulisahihisha kwa dakika moja, yeye lilimgharimu mwezi na nusu. Akajifunza kuwa mwangalifu. Aliniandikia kwamba sasa, kabla ya kutuma, hukaa sakafuni na komwe, akachora vyumba kwa chaki, akawa yeye ndiye mashine: soma mstari, sogeza komwe, soma mstari unaofuata. Mke wake alidhani anapiga ramli.

Tulikwenda hivyo kwa miaka mitatu. Yeye alikuwa akili, mimi vidole. Halafu nikaajiriwa, nikaoa, nikahamia Leicester. Mwaka 1987 niliiuza Spectrum kwa pauni thelathini na sikumwambia.

Mwaka 1988 likaja daftari. Lilikuwa daftari la hesabu, la miraba, na juu ya jalada aliandika BAO. Bao letu la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na wanaolijua wanajua kwamba sheria zake si mchezo: kunamua, kutakata, nyumba, kichwa na kimbi. Mdogo wangu alikuwa ameliandika lote, mistari zaidi ya mia mbili, bila kuwa ameona kompyuta hata kwa macho. Alikuwa amegundua kwamba kioo cha Spectrum kina nafasi 32 za herufi kwa upana, akaipangia kila herufi mraba wake. Katika barua alisema amefanya kazi hiyo kwa mwaka mzima.

Sikuwa na mashine. Ningeweza kuazima, kwa kuwa wakati huo zilijaa kila mtaa. Ningeweza kusema ukweli. Nilikuwa nimechoka, mtoto wetu wa kwanza alikuwa halali usiku, na daftari lilikaa juu ya kabati kwa miezi minne. Mwishowe nilimwandikia kwamba nimeiandika yote na bao linakwenda vizuri sana. Akajibu kwa barua fupi ya furaha. Mwaka 1991 aliugua homa, siku tano, akafariki. Hakutuma programu nyingine.

Sasa msomaji anajua kwa nini mwaka 2009, nilipoona Spectrum kwenye mnada wa vitu vikuukuu, juu ya turubai, kati ya sahani na viatu, nilishindwa kuipita. Niliinunua. Kisha nikanunua nyingine, na nyingine. Nilijifunza kubadilisha utando na kunyoosha kichwa cha redio kaseti. Kwa miaka kumi na miwili nilitengeneza kila kitu isipokuwa kufungua lile daftari. Nilijiambia mashine bado haijawa tayari. Asiyekuwa tayari nilikuwa mimi. Niliogopa kwamba bao halitakwenda, na pengine niliogopa zaidi kwamba litakwenda.

Septemba 2021 alifariki Clive Sinclair, aliyeianzisha kampuni iliyotoa Spectrum, akiwa na umri wa miaka 81. Mwezi huo pale ukumbini kila mtu alieleza mashine yake ya kwanza, na zamu yangu ilipofika nilijikuta nimeeleza yote. Hakuna aliyecheka. Fundi wa reli aliuliza tu, "Hilo daftari bado unalo?"

Niliandika kwa Jumamosi tatu. Spectrum haiandikwi kama mashine nyingine: ukibonyeza P mwanzoni mwa mstari, neno PRINT zima hujitokeza, na kila kibonyezo kina maneno mengine manne au matano yaliyojificha. Vidole vyangu vilikumbuka. Nilipomaliza, mashimo yalijichora kwenye kioo, safu nne za mashimo manane, yamekaa palepale alipoyakadiria kwenye miraba yake. Bao likaanza. Nilicheza mikono sita. Wa saba, kioo kikasimama na kuandika: KETE IMEPOTEA.

Maneno hayo alikuwa ameyaandika yeye. Kila baada ya mkono programu huhesabu kete zote, na zikipungua 64 husimama na kusema. Alijua hatakuwepo kuangalia, akaweka mlinzi. Nilihakiki nikaona kwamba makosa matatu yalikuwa yangu ya kunakili. Niliyasahihisha, na kete ikapotea tena. La nne lilikuwa lake: mchezaji akila kwenye kimbi cha kushoto, kete moja haihesabiwi. Kosa la tarakimu moja. Ningemwambia mwaka 1988, angelisahihisha kwa barua moja na kuona kazi yake imekamilika. Uongo wangu ulimnyang'anya mstari mmoja.

Pale ukumbini ubishi ulizuka: nisahihishe au niache? Niliweka zote mbili kwenye kanda, upande mmoja kama alivyoandika, upande wa pili na tarakimu iliyosahihishwa.

Agosti 2022 nilikwenda Songea. Sikubeba Spectrum, nilibeba kompyuta ndogo yenye programu ya kuigiza, na kuanzia siku hiyo sibishani tena na wanaozipenda programu hizo. Binti wa marehemu alicheza na kunishinda. Jioni nilimwomba shemeji tukae, nikamweleza yote, uongo wangu pamoja na kete iliyopotea.

Alinyamaza kidogo. "Shemeji," akasema, "yeye alijua. Barua yako ilipofika aliisoma mara mbili, akacheka. Akaniambia, kaka hajaijaribu. Programu yangu gani iliwahi kukosa kosa?"

Nikamuuliza, mbona aliniandikia kwa furaha namna ile?

"Alisema mtu aliye ugenini asiongezewe mzigo."

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa fupi kuliko nilivyodhani: iliishia kwenye meza ya mdogo wangu siku ile ile barua ilipofunguliwa. Nilibeba miaka thelathini na minne siri ambayo mwenyewe alikwisha kuisamehe.

Bado nakusanya. Jumamosi iliyopita nilipata Spectrum yenye mkia uliokatika, nikauwekea utando mpya, ikawaka. Wageni wakiuliza, huwakalisha mbele ya kioo na kuwawekea kanda, upande wa kwanza, ule wa alivyoandika yeye. Wakifika kimbi cha kushoto na mashine ikasimama, huwaambia wasishtuke. Kisha tunageuza kanda.