Sufuria ya Mtori

Nilipata kipaimara Machame mwaka 1987, nikiwa na miaka 15 na majibu yote. Katekisimu Ndogo ya Luther, ile ya mwaka 1529, niliikariri hadi mwalimu akaacha kuniuliza ili na wengine wapate nafasi. Kilichonikolea zaidi ni fundisho kwamba mtu huhesabiwa haki kwa imani, si kwa matendo. Watoto wa shangazi yangu aliyeolewa Kibosho walikuwa Wakatoliki, na kila Krismasi tulibishana kihambani kwa babu mpaka nyama ikaiva. Wao waliushika Waraka wa Yakobo, sura ya 2. Mimi niliwajibu kwamba Luther mwenyewe, mwaka 1522, aliufananisha waraka huo na majani makavu. Sikuwaambia kwamba mwaka huohuo, akiandikia dibaji ya Warumi, alisema imani iliyo hai haiwezi kutulia bila kutenda mema. Sehemu hiyo sikuwa na haja nayo.

Jumamosi moja ya masika bibi alipika mtori, sufuria nzima. “Mjukuu wangu, mpelekee yule mama wa bondeni. Amejifungua na hana mtu.”

Mvua ilikuwa haijakatika na njia ya bondeni ilikuwa utelezi mtupu. “Bibi,” nikasema, “hatuokolewi kwa matendo.”

Nilitegemea acheke. Hakucheka, wala hakunigombeza. Alikata jani la mgomba akafunika sufuria, akajitanda kanga ya pili, akashuka mwenyewe. Alirudi giza limeingia, goti limechubuka, akauliza kama ng'ombe wamepewa majani. Fundisho lile nililomtupia alikuwa ameliamini miaka 50 kabla yangu.

Tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia saini tamko la pamoja: tunahesabiwa haki kwa neema, kwa njia ya imani, na matendo mema ni matunda yake. Ubishi wetu wa Krismasi ukawa umekwisha. Bibi alikuwa ameshazikwa.

Siku hizi niko Dar es Salaam. Nina bahasha ya ahadi yenye namba, na kwenye mnada wa baada ya ibada hununua trei ya mayai kwa bei ya kuonekana. Mtu akiugua, naandika kwenye kundi la WhatsApp la jumuiya, “Pole sana, tunakuombea,” kisha narudi kwenye taarifa ya habari.

Mwezi uliopita mama wa ghorofa ya juu alijifungua. Nilimsikia mtoto akilia usiku kucha. Asubuhi nikatafuta namba yake kwenye kundi, nikamtumia shilingi 20,000 kwa simu. Jioni akajibu: “Asante, ubarikiwe. Samahani, jina nimeliona ila sijakufahamu.”

Kutoka mlangoni kwangu hadi kwake ni ngazi 18, kavu.