Kuuguza: Neno Moja, Pande Mbili za Mlango

Kitenzi ugua kina mtoto anayenishangaza hadi leo. Kwa kanuni tuliyoizoea, pungua huzaa punguza, na potea huzaa poteza. Anayepunguza ndiye anayesababisha kitu kipungue. Kwa kanuni hiyohiyo, kuuguza kungekuwa kumtia mtu ugonjwa. Matumizi yamekataa. Wazungumzaji wamelipa umbo hilo maana iliyo kinyume kabisa, yaani kukaa na mgonjwa katika ugonjwa wake, kumlisha, kumgeuza kitandani na kukesha naye. Humo ndimo tulimopata muuguzi na uuguzi.

Hata hivyo, neno hili halikuhamia hospitalini moja kwa moja. Mtu asipoonekana kazini juma zima, wenzake husema, "Anauguza," wakimaanisha kwamba ana mgonjwa nyumbani. Hajasomea, hana sare, lakini kitenzi ni kilekile. Lugha yetu imewaweka ndugu wa mgonjwa na mwenye taaluma katika kazi moja. Nililifikiria sana jambo hili baba yangu alipofanyiwa upasuaji wa tezi dume katika hospitali moja ya mkoa, nasi jamaa zake tukabaki upande wa pili wa mlango.

Baba ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, na kilichomtisha si kisu bali neno. Daktari alikuwa ameeleza kwamba hatachomwa ganzi ya mgongoni, atapewa nusukaputi. Baba alijua vyema asili ya neno hilo: nusu, kisha kaputi, ambayo hunasibishwa na neno la Kijerumani kaputt, lenye maana ya kilichoharibika au kilichokwisha. "Wanataka kuniua nusu," alimwambia muuguzi wa zamu, mama wa makamo tuliyemwita Sista. "Nusu ya pili ni kazi ya nani?"

Sista angeweza kucheka, au kusema "Usijali, mzee," akapita. Alivuta kiti akaketi. "Baba, shikamoo. Jina hilo ni la zamani, na ni baya. Utalala kwa dawa. Daktari wa usingizi atakuwa kichwani pako tangu mwanzo hadi mwisho, akiangalia pumzi zako na mapigo ya moyo. Kazi ikiisha, dawa itasimamishwa, nawe utazinduka." Baba alilirudia neno lile la mwisho polepole, utazinduka, kama mtu anayeonja chai. Kisha akaomba kalamu akatia saini fomu ya ridhaa. Hakuwa ameondolewa hofu yote. Alikuwa amepewa neno la kwenda nalo ndani.

Thamani ya neno lililosemwa wazi inafahamika hata kwa wataalamu wa upasuaji. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji yenye vipengele 19, na Ifakara, nchini Tanzania, ilikuwa mojawapo ya sehemu nane duniani ambako orodha hiyo ilijaribiwa. Husomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya mgonjwa kulazwa usingizi, kabla ya ngozi kukatwa, na kabla hajatolewa chumbani. Kipengele cha kwanza kabisa humtaka mgonjwa mwenyewe athibitishe yeye ni nani, anafanyiwa nini, na wapi mwilini. Ni orodha njema, ila inaishia mlangoni. Hakuna kipengele cha waliokaa kwenye benchi.

Kwenye benchi tulikuwa watano: mama, baba mdogo, dada zangu wawili na mimi. Baada ya saa tatu za kungoja, muuguzi kijana alifungua mlango, akasema kwa haraka, "Mzee wenu anapumzika," akarudi ndani. Mama akakaa sakafuni, akajifunika kanga usoni.

Wapenzi wa lugha mmekwisha kuelewa. Kijana yule alisema Kiswahili sahihi, tena kwa upole. Lakini katika lugha yetu aliyefariki "amepumzika", na kati ya anapumzika na amepumzika pana silabi moja tu. Sikio lililongoja kwa hofu tangu alfajiri halipambanui na na me. Tumekitungia kifo maneno mengi ya staha, tukisema fulani ametutoka, ametangulia, amelala, amepumzika. Staha hiyo ni nzuri matangani. Kwenye mlango wa chumba cha upasuaji inaweza kumliza mama ambaye mumewe anapumua.

Sista alitoka mara moja. Alichuchumaa, akamshika mama mkono. "Mama, nitazame. Mzee yu hai. Upasuaji umekwisha. Amezinduka, ametaja jina lake, na ameuliza kama umekula. Baada ya nusu saa nitakuja kukuchukua ukamwone." Sentensi fupi, hakuna tamathali hata moja. Mama alilia upya, lakini kilio kingine.

Kisha akatuandaa kwa tutakachokiona. Kuna mrija wa mkojo, alisema, na mfuko wake utakuwa na rangi nyekundu; hilo linatarajiwa, na rangi itafifia siku baada ya siku. "Mkiona mabonge ya damu, au mkojo ukiacha kutiririka, niiteni papo hapo, hata kama nakula." Tulipoingia tukauona mfuko, hakuna aliyepiga ukelele. Dada yangu mkubwa aliuangalia usiku kucha kama mlinzi. Tulikuwa tunauguza, kwa maana kamili ya neno, kwa sababu mwenye taaluma alitugawia sehemu ya kazi yake.

Palikuwa pia na suala la maumivu. Wanaume wa rika la baba walilelewa kwa amri moja: jikaze. Alipoulizwa kama anaumia alijibu, "Kidogo." Sista hakuliamini neno hilo. "Pole, baba. Hebu kohoa." Baba alijaribu akashindwa, jasho likamtoka. Sista akaeleza kwamba mgonjwa aliyepasuliwa akiogopa kukohoa na kuvuta pumzi ndefu, makohozi hubaki kifuani na nimonia huweza kufuata, kwa hiyo dawa ya maumivu si anasa. Pole ya kweli, niligundua, huwa na kitu kinachoifuata.

Florence Nightingale, katika kitabu chake kuhusu uuguzi cha mwaka 1859, alikemea minong'ono karibu na mgonjwa na faraja tupu za wageni, akiamini kwamba wasiwasi na kutojua humchosha mgonjwa kuliko kazi. Nadhani hali ni hiyohiyo kwa aliye nje ya mlango. Huruma tunaifikiria kuwa ulaini wa sauti, na ulaini una nafasi yake. Niliyoiona mimi ilikuwa zaidi uchaguzi wa maneno: kuliacha linalotisha bure, kulikwepa lenye maana mbili, na kulisema lililo zito kabla halijaonekana kwa macho.

Usiku ule, benchini, niliandika ubeti mmoja:

Muuguzi wa wodini, neno lako ndilo dawa,
Tusemeze barazani, tusibaki kuzuzuwa,
Kama yu hai yu ndani, tuambie twaelewa,
Na akiwa hatarini, pia tupate kujuwa.

Baba amepona, na sasa anadai kamusi zipewe neno jingine badala ya nusukaputi. Mimi dai langu ni dogo zaidi. Malenga wenzangu, tuna tungo nyingi za harusi na za msiba. Tuna chache mno za watu wanaongoja habari. Kwenu, mtu akitoka kupasuliwa akiwa mzima, jamaa zake huambiwa nini? Nitumieni maneno hayo. Nimemwahidi Sista kwamba nitayakusanya nimpelekee, ayabandike ukutani pale wanapokaa wauguzi wapya.